Laptopu ya zamani inaweza kunilindia kazi zangu?

Ndugu mshauri,

Habari za kazi. Mimi ni mchapaji na mtunza hesabu, nafanyia kazi nyumbani. Wateja wangu ni wafanyabiashara wadogo na vikundi visivyo na mhasibu wao. Maisha yangu yote ya kazi yamo kwenye kompyuta moja ya mezani: hesabu za wateja, barua, mialiko, vijitabu nilivyovipanga kurasa, na picha za familia humo humo.

Mwezi uliopita iligoma kuwaka. Nabonyeza, kimya. Fundi alipoifungua alikuta kilichokufa ni pawa saplai, akaibadilisha, na mafaili yote nikayakuta salama. Lakini muda wote niliokuwa naisubiri sikufanya kazi hata moja. Mteja mmoja aliyetaka hesabu za mwisho wa mwezi hakuweza kuvumilia, akaenda kwa mtu mwingine.

Ninayo laptopu ya zamani, ina zaidi ya miaka kumi. RAM yake ni GB 4, diski GB 500, ina Windows 7. Skrini ina mstari mweusi unaoikata katikati lakini inasomeka. Siku hizi ni ya watoto kuchezea michezo. Nilichofikiria ni hiki: niiunganishe kwenye mtandao wa nyumbani, nitengeneze folda ya pamoja, ionekane kwenye kompyuta ya mezani kama diski Z. Kila nikimaliza kazi nahifadhi mara mbili, kwenye diski yangu na kwenye Z. Siku kompyuta ikifa nafungua laptopu, naendelea pale pale.

Mdogo wangu anacheka. Anasema laptopu hiyo ni takataka, ninunue diski ya nje au nipandishe kila kitu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Fundi naye ana lake: anataka kunakili diski nzima ya kompyuta ya mezani, pamoja na Windows 11 yake, aihamishie kwenye laptopu ili ziwe pacha. Diski ya mezani ni ya TB 1, ila nimetumia GB 180 hivi.

Nimfuate nani? Kununua kompyuta nyingine kwa sasa siwezi.

Jambo dogo la mwisho: lile bapa la kugusa chini ya kibodi ya laptopu limeinuka upande mmoja na halibonyei tena, kwa hiyo natumia mausi. Sidhani kama linahusika, nimeona nikutajie tu.

Mwenye Kompyuta Moja

JIBU

Dada, linahusika sana, na ndilo ninaloanza nalo. Bapa la kugusa haliinuki bila sababu. Kwenye laptopu nyingi betri imelala chini yake au jirani yake, na betri ya lithiamu iliyochoka hutoa gesi ndani yake, ikavimba, ikasukuma chochote kilicho juu. Zima laptopu, chomoa chaja, na watoto wajue leo hii kwamba mchezo umesimama. Usiichaji tena. Kama betri ni ya kuchomoka kwa vishikio vya nje, itoe taratibu. Kama imefungwa ndani kwa skrubu, mwachie fundi. Isitobolewe, isikandamizwe ili bapa likae sawa, na isitupwe kwenye pipa pamoja na taka za jikoni, maana betri ya namna hiyo ikiumia inaweza kuwaka moto. Itakaa mahali pakavu, mbali na vitu vinavyoshika moto, mpaka uipeleke kwa wanaopokea betri chakavu.

Bila betri laptopu nyingi huwaka vizuri kwa chaja peke yake. Chache hupunguza kasi zikiikosa, hilo utaliona mwenyewe. Utakachopoteza ni ile faida ya laptopu kuendelea kuishi umeme unapokatika, nayo ni faida kubwa kwa mashine ya kutunzia nakala. Kama kompyuta yako ya mezani iko kwenye UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, chomeka chaja ya laptopu humo humo. Mara nyingi laptopu ikiwa haina kazi nzito hula wati 10 hadi 25 tu, haitaielemea. La sivyo, betri mpya ni mojawapo ya vitu viwili ninavyoona vinafaa kununuliwa kwa ajili ya mashine hii. Cha pili nitakitaja.

Sasa mpango wako. Siungi mkono kuitupa. Ila umeipa laptopu kazi mbili kwa wakati mmoja: kutunza mafaili, na kukushikia zamu kompyuta kubwa ikilala. Masharti ya kazi hizo hayafanani. Mwezi uliopita ulichokosa ni zamu tu. Mafaili yalikuwepo, yamekwama ndani ya sanduku lisilowaka. Siku itakayokufa diski badala ya pawa saplai, mambo yatakuwa kinyume: utaweza kuazima kompyuta kwa yeyote, lakini hutakuwa na cha kufungua. Mimi ningeipanga laptopu kwa ajili ya siku hiyo ya pili kwanza, zamu ikafuata.

Kwa hiyo kabla ya kuipa hata faili moja, iambie laptopu ikuonyeshe hali ya diski yake. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo hufanya kazi kwenye Windows na husoma kumbukumbu ambazo diski hujiandikia yenyewe. Tazama saa ilizowaka: mwaka mzima una saa 8,760, kwa hiyo diski yenye saa 30,000 imefanya kazi kama miaka mitatu na nusu bila kuzimwa. Saa nyingi peke yake si kosa. Kinachonitisha ni mistari 05, C5 na C6. Mstari wa 05 huhesabu sehemu za diski zilizoharibika zikabadilishwa na za akiba; C5 ni zile zinazosubiri kuamuliwa kwa sababu hazisomeki vizuri; C6 ni zilizoshindikana. Thamani ghafi ikiwa sifuri kwenye yote mitatu, endelea. C5 au C6 ikiwa na chochote juu ya sifuri, diski hiyo usiikabidhi kazi ya mteja. Hata ikiwa na sifuri kote, ukisikia inagonga, tk, tk, tk, jibu ni lile lile.

Hapo ndipo kinapokuja kitu cha pili cha kununua: SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka, ya SATA (aina ya kiunganishi) ya inchi 2.5. Laptopu za umri huo kwa kawaida huipokea pale pale ilipotoka diski ya zamani, na mashine iliyokuwa ikichechemea huamka. Lakini weka mpaka. Ikibainika inahitaji betri, diski, RAM na chaja mpya kwa pamoja, mdogo wako atakuwa ameshinda, na pesa hiyo iende kwenye diski ya nje.

Twende kwa fundi wako. Ninamheshimu, pawa saplai aliitibu barabara, lakini wazo la pacha silikubali. Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama ndani ya kompyuta, na laptopu ya zaidi ya miaka kumi karibu kwa hakika haina. Hata tukizunguka hapo, Windows iliyozoea ubao mama mmoja, madereva ya vifaa vyake na namna yake ya kuwaka, ukiipachika kwenye mashine ngeni inaweza isiwake kabisa, au iwake huku leseni ikilalamika kwamba imehamishwa. Halafu pacha wa leo ni pacha wa leo tu. Wiki ijayo hesabu mpya hazimo, na hakuna atakayekuwa na subira ya kunakili diski nzima tena. Picha kamili ya diski ina mahali pake: siku ukibadilisha diski ya mezani, unairudisha pale pale ilipotoka na kompyuta inakuwa kama zamani. Mwambie aitengeneze, aiweke kwenye diski ya nje.

Diski Z nayo ina tatizo ambalo halionekani mpaka siku ya balaa. Chochote ambacho kompyuta ya mezani inaweza kukiandika, inaweza pia kukifuta. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai malipo havibagui diski C na Z. Vikiona folda ya mtandao iliyo wazi kwa kuandika, vinaifunga pamoja na nyingine. Na Windows 7 iliyo kwenye mtandao ni kukaribisha balaa hilo kwa mikono miwili. Microsoft iliacha kuitengenezea viraka Januari 14, 2020. WannaCry, mojawapo ya virusi hivyo vya kudai malipo, ilipoenea duniani Mei 2017 ilipita kwenye hitilafu ya SMB, ile njia ambayo Windows hutumia kushirikisha folda kama hiyo Z yako, na kiraka kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huo huo. Walionaswa wengi walikuwa kwenye Windows 7 ambayo haikusasishwa. Virusi ni upande mmoja. Upande wa pili ni mkono wako mwenyewe: kuhifadhi mara mbili utafanya kwa bidii wiki mbili tatu, halafu itakuja siku mteja amesimama mlangoni, utahifadhi mara moja, na baada ya hapo hutajua tena kipi kipya kiko wapi.

Geuza mwelekeo. Laptopu ndiyo iende kuchukua, kompyuta ya mezani isipewe ruhusa ya kugusa chochote kwenye laptopu. Inafanyika hivi. Kwenye kompyuta ya mezani kusanya kila cha kazi ndani ya folda moja, tuiite Kazi, maana nakala nyingi hupotea kwa sababu nusu ya mafaili yalikuwa yamekaa kwenye uso wa skrini. Tengeneza mtumiaji mpya mwenye nenosiri lake, umpe ruhusa ya kusoma tu folda hiyo. Laptopu iingie kwa jina la mtumiaji huyo, isome, inakili kwake. Laptopu yenyewe isishirikishe folda yoyote kwa yeyote.

Kwenye laptopu ningefuta Windows 7 na kuweka mfumo mwingine wa bure, Linux Mint toleo la Xfce, ambalo GB 4 za RAM zinalitosha kwa kazi ya ofisi. Usiogope jina. Ina madirisha, ina menyu, na LibreOffice huja nayo tayari. Wakati wa kuiweka itakuuliza kama unataka diski nzima ifungwe kwa nenosiri. Kubali, kwa sababu humo mtakuwa na hesabu za watu, na laptopu ni kitu rahisi kubebwa na mwizi. Nenosiri hilo liandike kwenye karatasi, karatasi ikae mbali na laptopu. Ukilisahau hakuna fundi atakayekufungulia, na hapo utakuwa umejiibia mwenyewe.

Halafu kuna programu iitwayo Back In Time. Unaielekeza kwenye folda Kazi ya kompyuta ya mezani, ambayo fundi wako anaweza kuipachika kwenye Linux kwa hali ya kusoma tu. Kwake ni kazi ya muda mfupi. Kila inapofanya kazi hutunza picha ya folda ilivyo siku hiyo, ila faili lisilobadilika halinakiliwi upya, linaunganishwa na lile la jana bila kula nafasi. Ndiyo maana GB 180 kwenye diski ya GB 500, ambayo kwa hesabu za Windows huonekana kama 465, zinaweza kukaa na historia ya miezi mingi. Historia hiyo ndiyo itakayokuokoa ukigundua mwezi wa sita kwamba jedwali la mteja liliharibika mwezi wa nne. Hata laptopu ikija kunakili mafaili ambayo virusi vimeshayafunga, ya wiki iliyotangulia bado yapo nyuma yake. Kwa sababu hiyo epuka programu yoyote iliyowekwa hali ya kioo, kama robocopy, amri ya kunakili ya Windows, yenye /MIR: kilichofutwa upande huu inakifuta upande wa pili, kwa uaminifu kabisa.

Nakala ya kwanza ipitie kwenye kebo ya mtandao, usiiachie Wi-Fi. Laptopu yako ikiwa na tundu la megabiti 100 kwa sekunde, utapata kama MB 11 kila sekunde, na GB 180 zitachukua saa nne na nusu. Ikiwa na la gigabiti, kikwazo kitakuwa diski yenyewe na kazi inaweza kuisha kwa saa moja hivi, zaidi kidogo kama mafaili ni madogo na mengi. Kwa Wi-Fi ya zamani tenga usiku mzima na uombe isikatike. Baada ya hapo ni mabadiliko ya siku tu, dakika chache, hata Wi-Fi inatosha. Laptopu haina haja ya kuwaka mchana kutwa: iwashe jioni, ichukue chake, izime. Ikiwa imezimwa hakuna kinachoweza kuifikia kupitia mtandao. Ukiiacha ikifanya kazi, kumbuka kubadilisha mpangilio wa kifuniko, maana laptopu nyingi hulala ukizifunga na nakala inakatika katikati.

Programu yako ya hesabu ifunge kabla ya kunakili. Faili la hesabu lililo wazi linaweza kunakiliwa likiwa nusu limeandikwa, na hutajua mpaka siku ya kulifungua. Programu nyingi za hesabu zina amri yake ya kutoa nakala; itumie kila jioni, na matokeo yake yaingie ndani ya folda Kazi. Angalia pia saa ya laptopu. Mashine za umri huo mara nyingi betri ndogo ya saa, kwa kawaida CR2032, imekwisha, na bila betri kubwa kila ukiichomoa kwenye umeme inarudi tarehe ya miaka mingi nyuma. Nakala zenye tarehe za uongo zitakuchanganya, na tovuti nyingi zitagoma kufunguka.

Zamu sasa. LibreOffice itafungua barua na majedwali yako ya Word na Excel, lakini kurasa ulizozipanga kwa ustadi zinaweza kusogea, na makro nyingine za Excel, zile amri za kujiendesha, hazitafanya kazi. Kitu kinachosogeza kurasa mara nyingi ni fonti zinazokosekana, kwa hiyo folda ya fonti zako nayo iingie kwenye nakala. Programu ya hesabu, kama ni ya Windows pekee, usitegemee kuiendesha kwenye Linux. Faili lake la kusakinishia, namba ya leseni na nenosiri viwemo kwenye Kazi, ili siku ya shida uisakinishe kwenye kompyuta yoyote ya Windows utakayoazima, na waulize mapema waliotengeneza kama leseni yako inaruhusu hivyo. Najua unachotaka kuuliza: kwa nini nisiweke Windows 10 kwenye laptopu, programu ya hesabu ikae humo? Unaweza, nayo kwenye SSD itavumilika. Lakini msaada wake wa kawaida uliisha Oktoba 14, 2025, na mashine inayobeba nakala zako zote ndiyo ya mwisho ninayotaka iwe bila viraka. Ningeazima kompyuta kwa siku chache kuliko kubeba hatari hiyo mwaka mzima.

Chagua siku isiyo na kazi nyingi, zima kompyuta ya mezani kana kwamba imekufa, ufanye kazi kwenye laptopu kutwa. Fungua hesabu ya mteja, andika barua, chapisha, tuma barua pepe. Siku hiyo ndipo utagundua kwamba printa haitambuliki, au nenosiri la barua pepe lilikuwa limekaririwa na kivinjari cha kompyuta nyingine, si kichwa chako. Mstari mweusi wa skrini usikusumbue: skrini, kibodi na mausi za kompyuta ya mezani ni nzima hata sanduku likifa, zihamishie kwenye laptopu, tundu la VGA au HDMI lipo pembeni.

Kuna mtego mmoja katika zamu. Ukifanya kazi kwenye laptopu juu ya zile nakala, halafu kompyuta ikarudi kutoka kwa fundi, hutajua faili lipi ni jipya, na laptopu ikienda kuchukua italeta la zamani. Kwa hiyo nakala zibaki kama zilivyo, hazihaririwi. Tengeneza kando folda iitwayo Dharura, nakili humo unachohitaji, fanyia kazi humo. Kompyuta ikirudi, hamisha Dharura kwenye flashi kwenda mezani, panga kila kitu mahali pake, ndipo uiruhusu laptopu ichukue tena.

Na kama kilichokufa ni kompyuta lakini diski yake ni nzima, kama mwezi uliopita, hukuhitaji kusubiri. Diski inatolewa, inaunganishwa na laptopu kwa adapta ya SATA kwenda USB. Ikiwa ni ya inchi 3.5 adapta iwe na umeme wake, kwa sababu diski hizo hutaka volti 12 na USB ya kawaida hutoa 5. Ikiwa Windows 11 yako imeifunga diski kwa BitLocker, ulinzi wake wa kufunga diski kwa ufunguo, utaulizwa ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Utafute leo, uandike.

Nimemnyima mdogo wako ushindi, lakini diski yake ya nje naitaka. Laptopu na kompyuta viko nyumba moja, pengine chumba kimoja, vimeunganishwa kwa waya mmoja. Mwizi, moto au radi havitaacha kimoja. Mpigapicha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa mahali pengine. Wewe una ya kwanza mezani, ya pili kwenye laptopu, na ya tatu iwe diski ya nje unayoijaza mara moja kwa mwezi na kuiacha kwa mdogo wako. Aliyecheka ndiye awe mtunzaji. Unapoitayarisha, mpangilio wake wa kuhifadhi mafaili uwe exFAT au NTFS. FAT32 haipokei faili lenye zaidi ya GB 4, na ile picha kamili ya fundi itakataliwa. Diski hii nayo ifungwe kwa nenosiri kabla ya kutoka nyumbani, kwa BitLocker kama Windows yako inayo, au VeraCrypt, programu ya bure ya kazi hiyo hiyo.

Kuhusu hifadhi ya mtandaoni, piga hesabu ya kasi yako ya kupandisha kabla ya kukubali. Kwa megabiti 2 kwa sekunde, GB 180 zinachukua zaidi ya siku nane usiku na mchana. Zipandishe hesabu za wateja za mwaka huu tu, zikiwa zimefungwa kwa nenosiri. Hizo ni ndogo, zitapita. Picha za familia zibaki kwenye diski ya nje.

Ukishakubaliana na haya, watoto wataikosa laptopu kabisa. Michezo inayopakuliwa kutoka popote ndiyo mlango wa virusi, na haitakaa na hesabu za watu kwenye mashine moja. Ila kuweka Linux hufuta kila kilichomo ndani, na laptopu ya miaka yote hiyo haikosi vitu vyake: picha za zamani ambazo hazikuwahi kuhamishiwa mezani, barua, kazi za shule. Betri ikishatoka, iwashe kwa chaja, kaeni na watoto mpitie folda moja moja, na chochote mnachokitaka mkihamishie kwenye flashi kabla fundi hajagusa kitu.